Kilo 5 za mawese, kostiki gramu 915? USITHUBUTU

Mkuu, umeuliza kama gramu 915 za kostiki (sodiamu haidroksidi, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni) zinatosha kutengeneza sabuni ya kilo 5 za mawese. Hiyo 915 iache kabisa! Aliyekupa fomula hiyo amekupa ya mafuta ya nazi. Mawese kilo 5 yanataka kama gramu 710, na mimi nashusha hadi 675 ili mafuta kidogo yabaki. Ukiweka 915, zaidi ya gramu 200 za kostiki zinakaa ndani ya miche zikimsubiri mteja.

Sabuni ya namna hiyo nimeiuza. Mwalimu wa semina ya ujasiriamali, tena kwa hela yetu, alituandikia ubaoni: kilo moja ya mafuta, gramu 183 za kostiki, mafuta yoyote yale. Miche ilikuwa ukiikata inamong'onyoka kama chaki, na juu yake vinatoka vitone vya maji yanayoteleza. Mama mmoja anayefulia watu alinionyesha mikono yake, ngozi imebabuka katikati ya vidole. Nilipompigia mwalimu akaniambia huyo mama ana aleji. Aleji! Mtu anakula ada za watu na hesabu ya kidato cha tatu haijui!

Hesabu yenyewe hii hapa. Molekuli ya mafuta ina mikia mitatu, kila mkia unachukua kostiki moja. Kwa hiyo moli 1 ya mafuta (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabu molekuli) inataka moli 3 za kostiki, kila moja gramu 40: 3 × 40 = gramu 120. Mikia ya nazi ni mifupi, moli yake ina gramu 656 hivi; 120 ÷ 656 = 0.183. Ya mawese ni mirefu, gramu 845 hivi; 120 ÷ 845 = 0.142. Mikia ikiisha, ioni za haidroksidi zilizobaki, yaani ile sehemu ya kostiki inayounguza, zinahamia kwenye ngozi. Wala usidanganywe kwamba sabuni ikikauka zitaisha, mle ndani hakuna tena mafuta ya kuzimaliza.

KILA MAFUTA NA KOSTIKI YAKE. Hata ukichanganya, piga kila moja peke yake. Mawese kilo 3 ni 426, nazi kilo 2 ni 366, jumla 792; toa asilimia 5, unabaki na 752. Pima kwa mizani ya dijitali, kikombe weka pembeni. Na kama muuzaji amekupa kostiki ya potasiamu badala ya sodiamu, zidisha kwa 1.4 kwanza, maana moli yake ni gramu 56, siyo 40.