Unakuja kufanya kazi kijijini Ireland? Uliza kwanza habari ya usafiri

Wengi wanaonipigia simu kabla ya kusafiri huniuliza mambo mawili: mshahara na baridi. Mshahara umeandikwa kwenye mkataba, na baridi utaizoea. Mimi ningekuomba umuulize mwajiri hivi: zamu ya usiku ikiisha saa mbili asubuhi siku ya Jumapili, nitarudije nyumbani?

Ninahudumia wazee katika kaunti ya Roscommon, huu mwaka wa nne. Kijiji chetu kina barabara moja, kanisa, shule ya msingi, baa mbili, duka lenye pampu ya mafuta, na uwanja wa GAA, chama cha michezo ya Kiairishi kilichoanzishwa 1884 na chenye klabu karibu kila parokia. Benki hakuna. Daktari hakuna. Nilipotazama picha zake nikiwa Nakuru niliona kijani kitupu na kuta za mawe, nikafurahi. Picha hazikunionyesha kwamba kazini ni kilomita 9 kutoka nyumba niliyopata, na kwamba huku hakuna matatu wala bodaboda.

Yako mabasi madogo ya umma ya vijijini, yanaitwa Local Link. Mengine yana ratiba, mengine hukufuata mlangoni ukipiga simu mapema kuweka nafasi. Nauli ni nafuu na madereva ni watu wazuri sana. Ila yamepangwa kwa ajili ya anayekwenda mjini kununua vitu na kurudi mchana, siyo mtu wa zamu. Gari utalihitaji, na hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda haibadilishwi hapa. Unaanza upya: mtihani wa nadharia, kibali cha mwanafunzi, masomo, halafu mtihani wa barabarani. Masomo ni 12, lakini mwenye leseni kamili ya kwao anaweza kupunguziwa yakawa 6 akileta barua rasmi inayothibitisha leseni hiyo. Tafadhali iombe barua hiyo kabla hujapanda ndege. Mimi niliifuatilia nikiwa huku, ikanila miezi mitano. Tena mwanafunzi haruhusiwi kuendesha peke yake. Lazima aketi na mtu mwenye leseni kamili aliyokaa nayo angalau miaka 2. Mgeni utamtoa wapi mtu huyo?

Mwaka wangu wa kwanza sikuwa naye. Nilikuwa nikitoka kazini ninalala, nikiamka ninakwenda kazini. Desemba jua huzama saa kumi na robo hivi, na barabara za huku hazina njia ya waenda kwa miguu. Nunua koti linalong'aa siku ileile unayofika, na utembee upande wa kulia ili magari uyaone yakija. Kwenye barabara ndogo za vijijini kikomo cha mwendo kilishushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa mwezi Februari 2025, lakini kwenye kona zenye ua mrefu hata 60 ni nyingi.

Kilichonifungulia mlango ni msiba. Alifariki mzee niliyekuwa nikimwosha na kumlisha karibu mwaka mzima. Huku matangazo ya vifo husomwa redioni na kwenye tovuti ya RIP.ie, na kijiji kizima huenda. Nilisitasita, nikidhani ni jambo la familia, lakini mwenzangu wa kazi akanichukua. Jeneza lilikuwa wazi sebuleni, wafiwa wameketi kando yake, watu wakipita kwa foleni kuwapa mkono na kusema neno fupi lisilo mbali na pole yetu. Jikoni majirani walikuwa wakikata mikate na kumimina chai bila kukoma. Nilipompa mkono binti wa marehemu akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwimbia," akanishika asiniachie. Nikaingia jikoni nikaosha vikombe, kama ningefanya kwetu.

Wiki iliyofuata magari yalianza kusimama kando yangu barabarani. Jirani mmoja, mkulima mstaafu, aliketi nami kwenye gari kila Jumamosi asubuhi hadi nilipofaulu mtihani. Kwa hiyo mdogo wangu, nenda misibani, hata kama jina la marehemu ulilisikia mara moja tu. Nenda uwanjani Jumapili. Na dereva akiinua kidole kimoja juu ya usukani anapokupita, amekusalimu, muitikie.

Daktari mtafute wiki ya kwanza, ukiwa mzima, maana kliniki nyingi hazipokei wagonjwa wapya na huenda ukapiga simu miji mitatu. Hospitali ya mji wa Roscommon haina idara ya dharura tangu 2011. Ya karibu ni safari. Nambari ya dharura ni 112 au 999. Ibandike ukutani pamoja na Eircode ya nyumba yako, zile herufi na tarakimu saba ambazo kila anwani ina zake, kwani ambulensi itakufikia haraka kwa hizo.

Nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta ya taa yanayoletwa kwa lori na kumiminwa katika tangi nje. Usingoje tangi likauke. Ongea na jirani mwagize pamoja.

Weka pia jiko dogo la gesi, tochi na maji ya akiba. Tarehe 24 Januari 2025 kimbunga Éowyn kilikata umeme kwenye nyumba na biashara zaidi ya 700,000. Kwetu pampu za maji zilisimama na simu zikanyamaza. Siku ya pili mlango uligongwa: yule mkulima, na chupa ya chai, akiuliza kama nina zamu usiku ule, maana mti ulikuwa umeanguka kwenye njia yangu na alitaka kunionyesha nyingine.