Hela wanaitaka, rejesho la kila wiki ndilo hawaliwezi

Dada, umeuliza kwa nini kina mama wa vijijini hawachangamkii mikopo ya taasisi wakati hela hawana. Hela wanaitaka, ila si kwa masharti yale. Mikopo mingi ya vikundi inadai rejesho kila wiki, na la kwanza linaanza mara tu baada ya kupokea hela. Muuza maandazi atamudu, kila siku anashika chochote. Mwenye nusu eka ya mahindi atatoa wapi, na mavuno ni miezi minne mbele? Atauza kuku, kisha mbuzi, mwisho akope kausha damu, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, alipe deni la kwanza. Na mmoja akikwama, kikundi kizima mnakaa kikaoni mpaka mumchangie. Aibu hiyo inawatisha kuliko riba.

Si kwetu Tanzania tu. Huko Moroko, taasisi ya mikopo midogo ya Al Amana ilipofungua matawi vijijini, waliokopa hawakufika kaya moja kati ya tano.

Wakati huohuo vikundi vya hisa vinajaa. Mfumo huo shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991: mnaweka hisa, mnakopeshana, mwisho wa mzunguko mnagawana, riba inabaki kwenu. Sanduku la hela lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu.

Kasoro ni kwamba asiye na hata hela ya hisa moja anabaki nje, na mara nyingi ndiye fukara kuliko wote. Huyo msimpe mkopo kwanza, aandikishwe TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, apate ruzuku.