Kwa mama wa Jinja: mtoto asiyetulia na anayeuma wenzake

Dada, pole kwanza. Unasema kijana ana miaka minne, anauma, anapanda kila kitu, nasari wanatishia kumrudisha nyumbani, na mama mkwe anasema ni mapepo. Mimi nimelea wa aina hiyo hapa Kampala ndani ya kambi ya polisi, kwenye vile vibanda vya bati tunavyoviita "mama ingia pole". Humo bati lako ndilo bati la jirani, na kila kelele ya mwanao inageuka kesi. Sasa huyo wangu yuko P.3, yaani darasa la tatu.

Kabla ya habari ya nidhamu, mpeleke apimwe masikio. Wangu alikuwa anatoka usaha kila akipata mafua, na sehemu kubwa ya ule "ukaidi" ilikuwa ni kutosikia. Mwambie daktari kama anakoroma usiku, kama aliwahi kupungukiwa damu, na hasa kama aliwahi kulazwa kwa malaria yenye degedege. Hilo la degedege wengi hulisahau. Utafiti uliofanyika hospitali ya Mulago, hapa Kampala, umeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na shida za tabia na umakini kwa muda mrefu.

Sisi tulifika mpaka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Ndiyo, najua mtaani jina hilo ni tusi. Lakini watoto wanahudumiwa pale, na kwenye benchi nilikaa na akina mama kama mimi na wewe, kila mmoja na chupa yake ya uji. Daktari alinieleza kuhusu ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini: hawampi mtoto jina hilo mpaka tabia ionekane zaidi ya mahali pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia, iwe imedumu angalau miezi sita, na iwe imeanza kabla ya miaka 12. Tena mtoto wa chini ya miaka sita hawamkimbilii na vidonge, wanaanza kwa kumfundisha mzazi.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuandika kwenye daftari: kapiga saa ngapi, kampiga nani, kabla ya hapo kulikuwa na nini. Nilidhani ni kazi ya bure. Kumbe asubuhi mtoto alikuwa mtundu tu, hapigi mtu. Ngumi na meno vilikuwa vya jioni, kati ya kutoka nasari na chakula cha usiku, na karibu kila safari kulikuwa na njaa, au simu imenyakuliwa mkononi mwake ghafla, au baba ametoka kwenda lindo.

Kwa hiyo nikaacha kupigana na mtoto siku nzima, nikashughulika na saa hizo tu. Akifika, anakula kwanza, hata kama ni kiazi cha jana, kabla sijamuuliza habari ya sare iliyochafuka. Halafu uwanjani, akimbie mpaka atoke jasho. Kisha kazi ya nguvu: nilimnunulia kijerikeni cha lita tatu, akawa ananisindikiza bombani, na huko wakubwa wanamsifu. Simu humwambii "lete" ukavuta. Unamwambia mapema, "video hii ikiisha, simu inalala," na ikiisha inalala kweli, alie asilie. Ukimtuma kitu, chuchumaa, mtazame usoni, mwambie jambo moja. Ukimpa matatu kwa mpigo, la pili na la tatu yameshapotea.

Akimpiga mwenzake, mimi humwendea kwanza aliyeumia. Halafu nashika mkono wake, namwambia "hatupigi", namtoa kwenye mchezo kwa dakika chache. Sihubiri. Akirudi akacheza vizuri, nasema wazi nilichokiona: "Umemwachia mwenzako mpira, vizuri."

Jiandae, siku za mwanzo atazidi. Atapiga makelele kuliko zamani, kwa sababu anapima kama kweli umebadilika. Wengi huachia hapo hapo.

Lakini si mtoto aliyenichosha zaidi, watu wazima ndio walionichosha. Mimi namtoa kwenye mchezo, jajja (bibi) yake anampa peremende anyamaze. Baba yake anacheka, "huyu atakuwa afande." Mtoto wa miaka minne anasoma mambo hayo haraka kuliko sisi. Ilibidi nimkalishe mume wangu na mama yake siku ya mapumziko, tukubaliane maneno yale yale na adhabu ile ile. Mama mkwe wako usimpinge juu ya maombi. Ombeni tu huku mkifuata utaratibu mmoja. Mimi mwenyewe naomba mpaka leo.

Watakuambia kiboko. Unampiga mtoto ili ajifunze kutopiga? Na shuleni, Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 imekataza viboko, kwa hiyo mwalimu akikuambia "tumchape kidogo" una haki ya kukataa. Wangu alitulia zaidi pale mwalimu alipomkalisha mbele na kumpa kazi ya kugawa vitabu. Mwombe mwalimu wa mwanao hivyo hivyo, kwa upole, maana darasa lake limejaa na yeye pia, kama wewe, hajalala vizuri.

Habari ya kuacha sukari, kwetu haikubadilisha chochote, na utafiti hauiungi mkono. Usingizi ndio ulibadilisha. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema watoto wa miaka mitatu na minne wanahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, na wangu alikuwa analala pale televisheni ya jirani inapozimwa.

Sasa umeuliza kama umhamishe nasari. Ningekuwa wewe, nisingemhamisha kabla ya kuwa na majibu ya masikio, maana atahama na shida yake. Hapo Jinja mnayo hospitali ya rufaa ya mkoa, ina kitengo cha afya ya akili. Nenda asubuhi mapema, uliza siku wanayoona watoto, na beba daftari. Akianza kuzimia, kushtuka mwili au kujiumiza mwenyewe, usisubiri siku ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo.