Joto la kuchachusha laga ya kwanza

Ndugu, kwa kuwa umeuliza uanzie nyuzi ngapi unapochachusha laga, yaani bia inayochachushwa kwenye ubaridi, ukitumia W-34/70, ambayo ni hamira ya laga, ningekushauri uyapoze maji ya kimea hadi nyuzi 12 za Selsiasi kabla ya kutia hamira, kisha udumishe kiwango hicho ukipima joto la bia yenyewe, wala si la hewa iliyomo ndani ya friji, kwani bia inapochacha huzalisha joto lake. Sukari ikishaliwa robo tatu hivi, iache bia ipande hadi nyuzi 17 kwa siku tatu ili hamira iondoe diasetili, ile ladha ya siagi inayoharibu laga nyingi za wanaoanza. Onja kwanza, siagi ikiwapo bado, ongeza siku. Ndipo uishushe taratibu hadi nyuzi 2, ikae wiki nne.