Kwa mnaoanza kupiga picha magofu: mfano wa nyumba za mashamba ya mkonge Tanga

Wadogo zangu mnaoanza na kamera, naona wengi mkifika kwenye gofu mnakimbilia ukuta uliobanduka plasta, dirisha bovu, mti uliootea sebuleni, mnapiga hivyo vitatu mnaondoka. Picha inapendeza sawa, ila inaweza kuwa ya nyumba yoyote popote pale. Mi nasema hivi, nyumba ilijengwa pale kwa sababu na ikahamwa kwa sababu, ukizijua hizo mbili ndo utajua usimame wapi.

Chukua zile nyumba za mameneja wa mashamba ya mkonge huku Tanga, kuanzia Pangani, Muheza mpaka Korogwe. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikafika hai miche 62 tu, wakaipanda Kikogwe kule Pangani. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni bei ikaporomoka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, uzalishaji ukawa unashuka tu, kambi zikabaki tupu na nyumba wakaachiwa popo. Kwa hiyo nyumba ile bila shamba haina maana, na ndo maana mara nyingi unaikuta imekaa kwenye mwinuko, baraza linaangalia mkonge wote chini.

Sasa rudi nyuma. Rudi tena, shuka mpaka mle shambani mkonge uwe mbele yako. Watu wengi wanavaa lenzi pana ya milimita 16 au 24 wanasogea karibu, matokeo yake kuta zinalala na milima ya Usambara inakuwa kama kichuguu, wakati ukikaa mbali na lenzi ndefu ya 85 au hata 135 mlima unakuja kusimama nyuma ya bati lenye kutu na milingoti ya mkonge inapanda mbele, fremu moja inakueleza yote. Mwenye simu atumie lenzi yake ya kuvuta, siyo kuzumu kwa vidole maana hapo unaharibu picha.

Kuhusu mwanga, huku kwetu jua linapanda wima haraka, ikifika saa mbili na nusu asubuhi tayari limekuwa kali, hivyo saa kumi na mbili uwe umeshafika na umeshachagua engo. Mwanga ukipiga ukuta kwa ubavu ndo unaona kila ufa, alama za mwiko wa fundi na mahali chokaa ilipopakwa juu ya chokaa. Ndani ni stendi ya kamera, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga, uweke chini), f/8 (uwazi wa tundu la lenzi), piga raw, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, pima mwanga wa dirisha kwanza lisiungue halafu piga nyingine ya giza la chumba, utaziunganisha baadaye.

Ila kabla ya yote hayo nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nalisisitiza hili kwa moyo wote. Mashamba yale yana wenyewe, na kuna familia zinaishi kwenye baadhi ya hizo nyumba hata kama kwa nje unaona mahame, huwezi kuingia na kamera kwenye kibaraza cha mtu. Na hapo kwa mwenyekiti utakutana na wazee ambao baba zao walikuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali, muulize mzee korona, ile mashine ya kukamua nyuzi za mkonge, ilikuwa wapi, reli ya vitoroli ilipita wapi, kisima kiko wapi, msikilize kwanza kamera ikiwa ndani ya begi, ukitembea naye utapata engo ambazo peke yako usingezijua.

Ukiingia ndani angalia juu kabla ya chini, kenchi zilizoliwa na mchwa zinaanguka, na nyuki wanapenda dari. Sakafu ya mbao usiikanyage. Droni inataka kibali, usirushe kienyeji. Na msimu mzuri ni baada ya masika, majani mabichi, vumbi limetulia na hewa safi mpaka milima unaiona, Januari na Februari kunakuwa na ukungu wa joto, milima inapotea kabisa.