Mzigo wa vichwa 18

Mdogo wangu mmoja anayeendesha semi kwenda Lubumbashi alinipigia wiki iliyopita na swali ambalo nilijua siku moja litanifikia. Amekutana na mtu Makambako, mtu na heshima zake, anamwambia kuna "wageni" 12 wanataka lifti mpaka Tunduma. Nusu ya pesa sasa hivi, nusu wakifika. "Kaka, ubaya uko wapi? Si watu tu wanatafuta maisha?"

Nimeendesha njia ile miaka 14 kabla mgongo haujagoma. Nilimwambia awashe gari aondoke hapo. Lakini jibu la namna hiyo halimtoshi kijana anayedaiwa kodi ya nyumba, kwa hiyo acha niandike kirefu, na wengine wasome.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa hivyo hivyo, na niliitika. Jamaa alikuwa na simu tatu za batani na shati limepigwa pasi. Laki moja kwa kichwa, vichwa 18. Mshahara wangu wakati ule haukufika laki nne, piga hesabu mwenyewe. Akanipeleka kwenye pagale moja nje kidogo ya mji. Vijana wa Kihabeshi walikuwa wamekaa chini, migongo ukutani, kimya kabisa, ndoo ya haja kwenye kona. Mmoja, sidhani kama alifika miaka 17, alikunja upindo wa shati akanionyesha namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu upande wa ndani. Ilianza na +27. "Johannesburg," akasema, akatabasamu. Ukiondoa "maji", hilo ndilo neno pekee tulilokuwa nalo sote wawili.

Nikadhani ni namba ya kaka yake. Jamaa akacheka: "Hiyo ndiyo risiti yake." Maana yake nilikuja kuelezwa vizuri baadaye na dereva mwenzangu aliyefungwa kwa kesi hizi. Safari inalipwa vipande vipande. Kila kituo, ndugu wanatuma pesa kwa mtu fulani, na mpaka huyo mtu athibitishe, kijana hatoki alipofungiwa. Ndugu wakichelewa, wanapigiwa simu wamsikie mtoto wao akipigwa. Yaani kijana ametoka kwao kusini mwa Ethiopia kwa hiari yake, anajua anavuka mipaka bila karatasi, lakini katikati ya njia anageuka rehani. Itifaki mbili za Umoja wa Mataifa za mwaka 2000 zinatenganisha magendo ya wahamiaji, yaani mtu kuvushwa mpaka kwa kulipa, na usafirishaji haramu wa binadamu, yaani mtu kushikwa kwa nguvu au hila ili anyonywe, na ni sawa kuyatenganisha. Ila ndani ya pagale lile sikuona mstari wowote. Mtu anaweza kulala upande mmoja akaamkia upande wa pili.

Kilichonitoa pale, niseme ukweli, si huruma. Ni neno la yule jamaa la kunitia moyo. "Usiogope mkubwa, tunakujua." Akanitajia namba ya gari, jina la utingo wangu, na mtaa wa Mbalizi nilikokuwa najenga. Tulikuwa tumefahamiana kwa dakika 40. Nikasingizia mizani, nikaondoka.

Mwezi uliofuata alinipigia kwa laini nyingine. Safari hii hakusema wageni. Alisema kuna kifurushi kidogo tu, kinaenea chini ya kiti, Tunduma kuna mtu atakipokea. Hapo nikaelewa nilikuwa nimeitwa kazini na nani. Kwao barabara ni barabara: leo inapitisha watu, kesho unga, keshokutwa pembe. Anayekubali la kwanza hana mdomo wa kukataa la pili, maana wana siri yake na wanajua wanawe wanakosoma.

Angalia pia nani anakamatwa. Njia inaanzia huko Moyale, inapita Nairobi, inaingia kwetu kwa njia za panya za Kilimanjaro na Tanga, inashuka Chalinze, Iringa, Mbeya, kisha Zambia au Malawi na kuendelea. Kila nchi ina mtu wake, na kila mtu anajua kipande chake tu. Januari 2021 Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, alipokuja Chato, Rais Magufuli aliwasamehe Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani kwetu kwa kuingia nchini kinyume cha sheria. Watu 1,789! Mabosi wangapi? Bosi hakanyagi lami. Kwenye gari kuna wewe na wao, na mahakamani mtasimama wewe na wao. Faini inayosomwa kwa wasafirishaji ni milioni 20 au jela miaka 20, na gari linaweza kutaifishwa. Tajiri wako hatakuelewa kamwe.

Tena hiyo ni kama wote wamefika hai. Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, miili ikatupwa porini mkoani Dodoma. Machi 2020 kule Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64, waliopona 14. Desemba 2022 miili 27 iliokotwa kandokando ya Lusaka. Aliyekuwa kwenye usukani katika safari kama hizo alikuwa dereva, na huenda naye aliambiwa ni lifti tu. Kontena lililofungwa halina hewa ya watu 60 mpaka asubuhi, na wanaogonga nyuma huwezi kuwasikia ukiwa unapandisha mlima na gia nzito.

Sasa, unaweza kukataa na bado wakapakiwa. Utingo ananunulika kwa pesa ndogo kuliko wewe, na gari linalala peke yake. Ukigundua njiani una watu, simama palipo na nyumba, fungua mlango kwanza, wape hewa na maji. Usiwatelekeze porini, usiendelee "mpaka hapo mbele". Pigia polisi, pigia tajiri, kumbuka saa uliyopiga. Utahojiwa, pengine utalala ndani siku kadhaa, sikudanganyi. Lakini aliyepiga simu mwenyewe ana la kujitetea, aliyekutwa nao kwenye kizuizi cha polisi hana.

Na kila unapolaza gari, kagua kabla ya kuondoka, hata kama ni saa kumi alfajiri na baridi ya Makambako inakata masikio. Soma namba ya sili, ile lakiri ya mlango wa kontena, kwa tochi, usiishike tu kwa mkono. Kama ni turubai, kamba funga mwenyewe, usimwachie utingo. Mimi nilikuwa nafunga fundo la mwisho kwa mkono wa kushoto, marehemu baba alinifundisha akifunga mitumbwi Itungi. Ukikuta fundo si lako, zima gari.