Muulize Fundi wa Gitaa: Hanesi iliyolehemiwa tayari, ninunue au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gitaa la umeme aina ya Stratocaster, pikapu tatu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi), nalipenda sana ila volyumu inakwaruza kila nikiigusa, na swichi nikiipeleka katikati sauti inapotea mpaka niitikise. Nimeona zinauzwa hanesi, yaani poti (vizungushio vya volyumu na toni), swichi, kapasita na jeki ya kuchomekea waya zimeshaunganishwa na kulehemiwa, zinakuja zimepangwa kwenye karatasi ngumu, wanasema unachomeka tu. Kulehemu sijui na naogopa kuunguza kitu. Je ni nzuri kweli? Na sauti itabadilika? – Mpiga rizimu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hilo la "unachomeka tu" maana ndilo linaloangusha wengi. Hanesi inalehemiwa yenyewe kwa yenyewe, ila haijalehemiwa na gitaa lako. Hesabu na mimi: pikapu tatu, kila moja ina waya wa sauti unaoenda kwenye swichi na waya wa ethi unaoenda mgongoni kwa poti, hapo zimeshakuwa sita, halafu kuna waya wa ethi unaotoka kwenye daraja, lile linaloshika nyuzi, wa saba. Na kama hanesi uliyonunua imekuja bila jeki ongeza mbili, tisa. Kwahiyo kama sababu yako ya kununua ni kukwepa kulehemu, bado hujakwepa, umepunguza tu. Na hizo za mgongoni kwa poti ndo ngumu kuliko zote, kwasababu lile bati linameza moto, ukitumia pasi ndogo ya kulehemia ya wati 25 yenye ncha kama sindano utakaa umeibana pale mpaka poti iungue ndani kabla risasi haijashika. Tumia ya wati 40 hadi 60 yenye ncha pana, kwaruza bati kidogo kwa msasa, gusa sekunde chache, risasi iyeyuke itambae, toa.

Zipo pia zisizotaka kulehemu kabisa, zenye vibano au soketi. Zinafanya kazi vizuri tu, ila angalia soketi hizo mara nyingi ni za kampuni moja na pikapu zake, ukija kubadili pikapu kesho hazikubaliani. Na usichukue hanesi ya pikapu za betri ukaweka kwenye za kawaida, kwasababu zile za kampuni ya EMG kwa mfano zinatumia poti za 25k (yaani omu elfu 25), na pikapu ya kawaida ukiibebesha 25k sauti inakuwa nzito imefunikwa kama umeitupia blanketi. Yako inataka 250k. Zenye hambaka, pikapu za koili mbili, zinawekewa 500k kwa kawaida.

Sasa ubora. Nitakwambia ninavyopima mimi maana macho peke yake hayatoshi. Miaka kadhaa nyuma mteja aliniletea hanesi mpya, nzuri ajabu kuiangalia, waya za ngozi ya kitambaa, kapasita kubwa ya rangi, kila waya umenyooshwa. Nikaifunga, ikapiga siku mbili, siku ya tatu ikaanza kukata. Nikafungua, nikashika waya wa ethi uliopo mgongoni kwa poti ya volyumu nikauvuta kidogo tu kwa vidole viwili, ukatoka mzima, na pale ulipokuwa kumebaki shimo laini la risasi kama alama ya kidole kwenye udongo. Risasi ilikuwa imekaa juu ya bati kama tone, haijawahi kushikana nalo. Hiyo ndo tunaita lehemu baridi. Lehemu nzuri inatambaa, kingo zake zinalala chini zinaungana na bati, mbaya inasimama kama kidonge, kingo zimejikunja. Tangu siku ile kila hanesi navuta waya zote moja moja kabla sijaifunga, taratibu lakini kwa kumaanisha, bora ing'oke mezani kuliko jukwaani.

Baada ya hapo chukua mita ya kupimia umeme. Hiki kipimo nakipenda kwasababu huhitaji kufungua wala kulehemu kitu: pikapu zikiwa bado hazijaunganishwa, chomeka waya wa gitaa kwenye jeki ya hanesi, mita weka kwenye omu, ncha moja shika kichwa cha plagi ya upande wa pili na nyingine shika mwili wa plagi. Volyumu ikiwa 10 utasoma thamani ya poti nzima. Imeandikwa 250k? Poti za bei ndogo zinaruhusiwa kupotea asilimia 20, kwahiyo utakuta ya 200k na utakuta ya 300k na zote kisheria ni "250k", na hiyo tofauti masikio yanaisikia, ya 300k inang'aa zaidi, ya 200k imetulia. Baadhi ya poti nzuri, kama za kampuni ya CTS, zinauzwa kwa asilimia 10 na kuna wanaozichagua moja moja. Halafu shusha volyumu polepole ukiangalia namba. Zinatakiwa kushuka bila kuruka ruka, na ukifika 0 mita isome karibu na sifuri kabisa, ikibaki juu pale ujue gitaa lako halitanyamaza kabisa. Simama kwenye 5. Poti ya logi, ile yenye herufi A kwa kawaida, pale katikati itasoma sehemu ndogo tu, tuseme moja ya kumi hadi moja ya tano ya jumla. Yenye herufi B inasoma nusu. Kwa volyumu wengi wanapenda A, kwasababu ndio sikio linaona sauti inapanda sawasawa. Dakika tano, umeijua hanesi kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Sauti itabadilika? Kama thamani ni zile zile za mwanzo na za zamani zilikuwa hazijafa, itabadilika kidogo sana au isibadilike. Utakachopata ni utulivu, swichi inayoshika na volyumu isiyokwaruza, na hilo kwangu ni kubwa kuliko hizo ahadi za wauzaji za "toni ya miaka ya 50". Ila kabla hujatoa hela, puliza dawa ya kusafishia poti kwenye kile kitundu cha pembeni juu ya miguu, zungusha nobu kwenda na kurudi mara ishirini thelathini, swichi nayo vilevile. Wewe ulivyoeleza, nusu ya tatizo lako inaweza kuishia hapohapo. Isipoisha, nunua hanesi, na zile lehemu saba mpe fundi akufanyie huku unaangalia, ya nane utafanya mwenyewe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua hanesi ya gitaa aina ya Les Paul, poti nne, imekuja imefungwa kwenye bati vizuri. Gitaa langu ni la muundo huohuo ila la bei ya chini. Poti haziingii kwenye matundu, na nobu zangu za zamani hazikai. Nimepigwa? – Baba Junia

JIBU: Nzuri baba. Hujapigwa, umekutana na inchi na milimita. Poti za vipimo vya Marekani zina shingo ya inchi tatu ya nane, yaani kama milimita 9.5, na tundu linataka kukaribia 10. Gitaa nyingi za bei ya chini zinakuja na poti ndogo za milimita, matundu ni kama 8. Usiingize kekee hapo nakuomba, inashika ukingo wa rangi na kuubandua vipande. Tumia rima ya mkono (kile cha kupanulia tundu) au tupa ya duara, zungusha taratibu ukitokea upande wa juu, jaribu kila mara.

Nobu ni jambo la meno. Shafti ya Kimarekani iliyopasuliwa ina meno 24 madogo madogo, ya milimita ina 18 makubwa zaidi, ukilazimisha utapasua nobu au utaikunja shafti. Nunua nobu mpya, basi. La mwisho kabla hujachonga: pima unene wa mbao pale poti zinapopita. Les Paul yenye kifua cha mwinuko mara nyingi inataka shingo ndefu, kama milimita 19, lakini kuna gitaa za umbo lile ambazo ndani zimechongwa nyembamba na shingo fupi ndo inafaa. Na pima umbali kati ya tundu na tundu, kwasababu waya za hanesi zimekatwa kwa umbali wa ile bati, na kama zako zimekaa mbali zaidi zitavutika, na waya uliovutika ndo unaong'oka. Hii ndo kasoro ya hanesi ninayoichukia kuliko zote, nikilehemu mwenyewe naacha waya sentimita mbili za ziada kila mahali.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilifunga hanesi mwenyewe, kila kitu kinapiga, ila kuna mvumo mkubwa. Nikigusa nyuzi haubadiliki, nikigusa jeki unatulia. Nirudishe hanesi? – Binti wa gitaa

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufunga mwenyewe. Hanesi haina kosa. Maelezo yako yamenipa jibu: ukigusa jeki unatulia, maana yake ethi ya hanesi ni nzima, nyuzi zikiwa hazifanyi kitu maana yake daraja halijaungwa na hiyo ethi. Ule waya mmoja ulioutoa kwenye poti ya zamani, unaotokea kwenye daraja au kwenye bati linaloshika springi nyuma, tazama, naamini umebaki unaning'inia humo ndani. Ulehemu mgongoni kwa poti ya volyumu. Hanesi nyingi haziji na waya huo na karatasi ya maelekezo inaupita kama haupo. Kuhakikisha, mita ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye jeki upande wa mwili, inatakiwa isome karibu na sifuri.

SWALI: Hanesi mbili zinafanana kila kitu ila moja ina kapasita ya mafuta na karatasi, ghali mara mbili. Inafaa? – Mtu wa toni

JIBU: Hapana. Toni ikiwa 10, kapasita inasikika kidogo mno, kinachosikika ni poti. Ukishusha toni, cha muhimu ni thamani, ya mikrofaradi 0.022 inakata kidogo, 0.047 inakata zaidi na inazima sauti kali za juu mapema. Volti 400 au 600 zilizoandikwa ubavuni hazikuhusu, pikapu yako haifikishi hata sehemu ndogo ya hapo. Hiyo hela ya ziada ipeleke kwenye swichi na jeki nzuri, hizo ndo zinazochoka.